Mizani ya Mnunuzi

Anayetaka kuuelewa uchumi wa Kolwezi huambiwa mapema kwamba Kongo haina takwimu. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984, enzi za Zaire, ikahesabu watu karibu milioni 30. Mkoa wa Lualaba, ulimo mji wa Kolwezi, haukuwapo wakati huo. Ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa mikoa minne. Malalamiko hayo yana msingi, ila yanafunika jambo jingine ambalo kwangu lina uzito zaidi. Ukanda wa shaba umejaa namba. Kila lori la madini linaloelekea mpaka wa Kasumbalesa lina karatasi ya uzito na ya asilimia ya madini. Kampuni kubwa hutoa taarifa kwa wenye hisa wao kila robo mwaka, mpango wa uwazi wa ITIE huchapisha malipo zinayotoa kwa serikali, Benki Kuu ina majedwali yake, Wizara ya Madini ina yake kupitia kitengo cha CTCPM, na juu angani setilaiti hupita kila baada ya siku chache. Taabu ni kwamba karibu kila namba inayohusu madini imeandikwa na mtu anayefaidika ikiwa kubwa au ikiwa ndogo. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mtafiti wa uchumi katika eneo hili ni kufuatilia namba ilivyozaliwa: nani alipima, kwa kifaa gani, mbele ya nani, na angepata nini kama kipimo kingesoma vingine. Na maslahi ya mpimaji yasihesabiwe kuwa uchafu wa kusafishwa kabla kazi haijaanza, maana mara nyingi ndiyo yanayobeba jibu lenyewe.

Mahali pa kuliona hili kwa macho ni Musompo, soko la madini nje kidogo ya Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo huuza mawe yao kwenye depo za wanunuzi. Mbele ya depo hutundikwa ubao wenye bei ya kilo kwa kila asilimia ya kobalti: jiwe la asilimia moja bei hii, la asilimia mbili bei ile. Gunia hupimwa uzito, kisha sampuli ya mawe husogezewa kifaa chenye umbo la bastola ambacho watu wote huku hukiita Metorex. Kifaa hicho hurusha mionzi kwenye jiwe na kusoma asilimia ya madini yaliyomo. Mwenye kifaa ni mnunuzi. Mchimbaji hana kifaa chake, hana maabara ya kukata rufaa, na gari lililomleta linasubiri kulipwa. Malalamiko kwamba vifaa hivi huchezewa visome chini yamesikika kwa miaka mingi, na wanaotetea haki za wachimbaji wameyaandika mara nyingi. Wauzaji nao wana njia zao: gunia laweza kufungwa mawe mazuri juu na hafifu chini. Kwa vyovyote, mtafiti anayekuja na daftari lake kunakili bei na asilimia hachukui kipimo cha mawe. Anachukua matokeo ya majadiliano kati ya mwenye nguvu na asiye nazo.

Chukua swali ambalo wanauchumi hulipenda: bei ya kobalti ikipanda London, mchimbaji wa Kolwezi hupata kiasi gani cha ongezeko hilo? Njia rahisi ni kunakili bei za ubaoni kila wiki na kuzilinganisha na bei ya dunia. Sasa tuseme, kwa mfano wa karatasi tu, bei ya dunia imepanda kwa nusu nzima. Mwenye depo anafuta ubao na kuandika bei mpya, nayo imepanda kwa nusu vilevile. Mtafiti anaandika kwamba ongezeko lote limemfikia mchimbaji. Lakini ndani ya depo jiwe ambalo jana lilisomwa asilimia tatu leo linasomwa mbili. Bei imepanda mara moja na nusu, asilimia imeshuka kutoka tatu hadi mbili, na fedha anayoondoka nayo mchimbaji ni ileile ya jana. Ubao ulisema kweli, daftari limenakiliwa sawasawa, na hitimisho ni la uongo. Ukichunguza swali la haki, yaani mchimbaji analipwa sehemu gani ya thamani ya madini aliyoyauza, hali ni mbaya zaidi: kiasi cha kobalti kinachoandikwa ni kidogo kuliko kilichomo, kwa hiyo sehemu anayolipwa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Dhuluma imejificha katika kipimo ambacho mtafiti alikitumia kuitafuta.

Mwenye kusoma hesabu za takwimu atapinga hapa. Atasema kwamba makosa ya vipimo yapo kila mahali, kwamba sampuli ikiwa kubwa makosa ya juu na ya chini hufutana, na kwamba lililobaki hupunguza tu ukubwa wa uhusiano tunaoutafuta bila kuugeuza. Pingamizi hilo ni sahihi kwa kosa la bahati nasibu, lile lisilojali bei wala aliyeshika kifaa. Kosa la Metorex iliyochezewa si la namna hiyo. Lina sababu ya kukua bei inapopanda, kwa kuwa kila nukta moja ya asilimia inayofichwa ina thamani kubwa zaidi siku hiyo. Lina sababu ya kupungua penye depo nyingi zinazogombania wauzaji, na kukua penye mnunuzi mmoja. Ukikusanya magunia laki moja badala ya mia, utapata jibu lilelile potofu, safari hii kwa uhakika mkubwa zaidi. Dawa yake haipatikani kwenye kompyuta. Ni kununua mawe kama wanavyonunua wengine, kuyasaga, kupeleka nusu ya sampuli maabara huru, na kuuza nusu nyingine kwenye depo kadhaa bila kutangaza utafiti. Pengo kati ya maabara na depo, likipimwa wiki hadi wiki, ndilo kipimo cha nguvu za mnunuzi, kitu ambacho nadharia hukitaja daima na takwimu hukikosa. Katika mradi wa Mutoshi, ambao kampuni ya Chemaf iliuendesha pamoja na Trafigura kuanzia 2018 hadi uliposimamishwa 2020, wachimbaji walifanya kazi ndani ya uzio kwa usalama zaidi, lakini mnunuzi wao alikuwa mmoja. Je, usalama huo ulilipiwa kwa bei? Bila vipimo viwili vya jiwe moja swali hilo halijibiki.

Namba za juu, zile za tani za taifa, zina ugonjwa wa aina hiyohiyo ingawa huvaa suti. Kobalti ya Lualaba husafirishwa zaidi kama hidroksidi, unga wenye unyevu ambao kobalti halisi huwa karibu asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Jedwali moja likiandika tani za unga na jingine tani za chuma kilichomo, tofauti yake ni zaidi ya mara tatu, na hakuna aliyeiba kitu. Shaba ya bamba safi na shaba ya makinikia zikijumlishwa bila kutenganishwa hutokea hivyohivyo. Watafiti wa biashara hupenda kulinganisha mauzo yaliyoandikwa na nchi inayouza na manunuzi yaliyoandikwa na nchi inayonunua, kisha pengo wakaliita fedha iliyotoroshwa. Ni chombo kizuri, lakini kina mtego unaojulikana. Jirani yetu Zambia iliwahi kuandika kwamba sehemu kubwa ya shaba yake inakwenda Uswisi, na forodha ya Uswisi haikuiona, kwa sababu mnunuzi alikuwa na ofisi Uswisi na meli ilikwenda kwingine. Mzigo ulioondoka Kolwezi mwezi Novemba ukapita Durban au Dar es Salaam utaandikwa China mwaka unaofuata. Kabla ya kutamka neno wizi, mtafiti anapaswa kuondoa unyevu, nauli, bima na kalenda. Pengo likibaki baada ya hapo, hapo ana kitu cha kumwonyesha hakimu.

Wapo wanaoamini kwamba setilaiti imetuokoa na haya yote, kwa kuwa haina maslahi. Tangu Henderson, Storeygard na Weil walipoonyesha mwaka 2012 kwamba mwanga wa usiku unaweza kusaidia kukadiria ukuaji wa uchumi penye takwimu dhaifu, mwanga umekuwa kipimo kinachopendwa sana kwa Afrika. Kolwezi ndipo mahali pa kukijaribu. Ule waya mkubwa wa umeme kutoka bwawa la Inga, uliokamilika mwaka 1982, husafiri kilomita 1,700 hivi ukipita juu ya vijiji vingi visivyo na umeme mpaka Kolwezi, na ulijengwa kwa ajili ya migodi. Usiku mitambo ya Luilu, Fungurume na Kamoa-Kakula inawaka, huku mitaa ambako wafanyakazi na wachimbaji wanalala ikikatiwa umeme mara kwa mara. Mgodi wa Kamoa-Kakula ulipoanza kuzalisha mwaka 2021, mwanga wa magharibi ya Kolwezi uliongezeka. Anayeusoma mwanga huo kama ustawi wa kaya za Lualaba anasoma ratiba ya mitambo. Setilaiti haina maslahi, kweli, ila umeme unaowasha taa umegawanywa na watu wenye maslahi. Mahali ambapo umeme ungefuata kipato, mwanga ungekuwa shahidi mzuri. Hapa umefuata madini.

Si kwamba picha za angani hazina kazi. Picha za Landsat, ambazo tangu 2008 hutolewa bure, na za Sentinel-2 tangu 2015, huonyesha mashimo ya wazi yalivyopanuka na vitongoji vilivyotoweka. Ramani za mapaa zinazochorwa na kompyuta humwezesha mtafiti kuchagua nyumba kwa bahati nasibu pasipo na orodha ya wakazi, na katika nchi isiyo na sensa kwa zaidi ya miaka 40 huo ni msaada mkubwa mno. Lakini paa halisemi kilicho chini yake. Kasulo, mtaa wa makazi ndani ya Kolwezi, uligeuka machimbo baada ya 2014 wakazi walipoanza kuchimba kobalti uani na hata chini ya sakafu za vyumba vyao. Kutoka juu palikuwa na mapaa na maturubai; uchumi wenyewe ulikuwa mita nyingi chini ya ardhi. Kisha mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wakahamishwa, na haki ya kununua ikapewa kampuni ya CDM, tawi la Huayou ya China. Mtafiti aliyekuja mwaka uliofuata kuuliza hali ya kaya za Kasulo aliwakuta waliobaki. Waliokwisha kuondoka, wawe waliiona fidia kuwa ndogo au kubwa, hawamo. Jambo hilohilo linatokea kwenye mtaa wa zamani wa kampuni ya Gécamines, ambako mgodi wa COMMUS unapanuka ndani ya mji. Anayetaka kujua athari ya mgodi kwa majirani wake aanze na orodha ya majirani wa kabla, awafuate waliko, hata ikiwa nusu ya bajeti itaishia kwenye nauli na simu.

Kuna chombo kingine kinachotumiwa kwa imani kubwa kupita kiasi, nacho ni umbali. Tafiti za afya ya jamii, zile EDS za 2007, 2013–2014 na 2023–2024, hutoa mahali zilipohojiwa kaya, na wanauchumi wengi wamepima umbali kutoka mahali hapo hadi mgodi, kisha wakalinganisha afya za watoto walio karibu na walio mbali. Ili kuwalinda waliohojiwa, wenye tafiti hizo husogeza kila alama kwa makusudi: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na chache hadi 10. Ni uamuzi wa haki na mtu asiulaumu. Ila Kolwezi mashimo yamegusana na nyumba, na kilomita 2 zinatosha kumhamisha mtoto wa mtaa wa Musonoi, aliye kando ya shimo, mpaka mtaa mwingine kabisa. Swali la vumbi au la maji ya mgodi, ambalo hukaa ndani ya mita mia chache, haliwezi kujibiwa na data hizo, hata kwa hesabu ngumu kiasi gani. Swali la ajira, ambalo huenea mji mzima, laweza. Sehemu kubwa ya ufundi wa mtafiti ni kulinganisha upana wa swali na upana wa kosa, na nashangaa jinsi jambo hili linavyofundishwa kwa uchache.

Wakati nao hudanganya kama umbali. Wengi wangependa kujua kama elimu ya msingi ya bure, iliyotangazwa nchini kote Septemba 2019, iliwatoa watoto machimboni. Swali ni zuri na la dharura. Lakini tazama kilichotokea karibu na tarehe hiyo. Bei ya kobalti, iliyofika karibu dola 95,000 kwa tani Machi 2018, ilikuwa chini ya dola 30,000 katikati ya 2019. Juni 2019 wanajeshi walipelekwa kwenye mgodi wa Tenke Fungurume kuwaondoa wachimbaji wadogo, na mwezi huohuo maporomoko katika eneo la kampuni ya KCC yakaua zaidi ya watu 40. Mwishoni mwa mwaka kampuni ya Glencore ikasimamisha Mutanda, mgodi uliokuwa mkubwa kuliko yote ya kobalti duniani wakati huo. Machi 2020 korona ikafunga shule. Mtoto aliyetoka machimboni katika miezi hiyo alikuwa na sababu kadhaa za kutoka, na moja tu kati yake ndiyo inayotafutwa. Kulinganisha kabla na baada hakutoi kitu. Kunahitajika kundi ambalo mambo yote yaliligusa isipokuwa ada: kwa mfano, watoto wa shule za msingi wakilinganishwa na kaka zao wa sekondari, ambako ada iliendelea, katika kaya zilezile zilizopigwa na bei ileile. Hata hapo ni lazima kuuliza kama kaka wakubwa walibeba gunia la mdogo aliyerudi shuleni.

Kwa upande wa watoto, namba moja imezunguka dunia: elfu 40. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto kiasi hicho walifanya kazi katika migodi yote ya kusini mwa nchi. Baadaye ilianza kusemwa kana kwamba wote wanachimba kobalti. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya utafiti wa kaya katika jamii za uchimbaji za ukanda huu, wakapata makadirio ya watoto wachimbaji yaliyo chini sana ya hayo. Wako waliodhani kwamba namba ndogo inawatetea wenye kampuni, na wako walioipokea kwa sababu hiyohiyo. Zote mbili ni njia mbaya za kusoma. Je, anayeosha mawe mtoni ni mchimbaji? Anayeokota masalia Jumamosi? Mzazi anayejua kwamba kosa la kumpeleka mtoto shimoni laweza kumletea askari atajibu nini mlangoni? Na mahojiano yalikuwa Agosti shule zimefungwa, au Februari mvua ikinyesha na mashimo yakijaa maji? Majibu ya maswali haya yanaweza kuisogeza idadi mara kadhaa bila mtoto hata mmoja kubadili kazi yake.

Hadi hapa msomaji anaweza kuona kwamba namkatisha mtafiti tamaa. Ninaamini kinyume chake, na Kongo yenyewe ndiyo ushahidi wangu. Raúl Sánchez de la Sierra, alipotaka kujua makundi yenye silaha huanza vipi kutoza kodi kama dola, alitazama tofauti kati ya koltani na dhahabu huko mashariki: koltani ni nzito na haifichiki, dhahabu huingia mfukoni. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, makundi yalijenga vituo vya ushuru mgodini penyewe. Bei ya dhahabu ilipopanda, yalihamia vijijini kutoza wanakotumia fedha yao wachimbaji. Uwezo wa kuficha madini, ambao mwingine angeuona kama kikwazo cha takwimu, ndio uliokuwa kiini cha ugunduzi. Sara Lowes na Eduardo Montero walitumia mipaka ya makampuni ya mpira ya enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji wakalinganisha vijiji vya ndani na vya nje ya mipaka, wakaonyesha umaskini uliodumu zaidi ya karne. Tafiti zote mbili zilifaulu kwa kuwa waandishi walijua kwa undani nani alipata nini na wapi.

Lualaba ina nafasi kama hizo mlangoni. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za chini zenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 zikienda kwa jumuiya moja na jirani yake asipate kitu, mtafiti amepewa mpaka wa kulinganisha shule, visima na barabara. Pingamizi lipo na ni zito: fedha hiyo imezaa magombano juu ya mipaka yenyewe, na mwenye nguvu huweza kuuvuta mpaka upande wake. Basi itumike ramani ya kabla ya 2018, na magombano yahesabiwe kuwa sehemu ya matokeo.

Pingamizi la mwisho ni la wanaharakati, nalo naliheshimu kuliko yote: watu wanakufa mashimoni sasa, na mtafiti anataka miaka miwili ya kupima unyevu. Jibu langu ni kwamba sera zinatungwa kila mwezi kwa namba zilizopo, na wanaozitoa namba hizo hawangoji. Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo ya kobalti nje, na tangu 16 Oktoba 2025 imeweka mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa 2026 na nyingine kama hizo kwa 2027. Bei ya dunia imepanda. Kama sehemu yoyote ya kupanda huko imefika Musompo, hakuna jedwali la kampuni wala la wizara litakalosema, kwa kuwa hakuna kati yao anayepima jiwe kabla halijaingia mikononi mwa mnunuzi. Vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi vina wanafunzi wa uchumi na wa jiolojia wanaozungumza lugha ya depo na kujua saa ambayo magunia hufika. Wapewe kifaa kimoja kilichokaguliwa, fedha ya maabara na daftari, nao waanze kabla mgawo haujaisha.